Mashine Ina Kazi Tatu, Macho ni Mawili

Ndugu msomaji, ukitoka Kondele jioni na kuingia mtaa wa Migosi, kabla taa za nyumba hazijawashwa, utaona mwanga mwingine ukimulika na kuzima kando ya njia. Mgeni atadhani ni radi ya ziwa Viktoria imekuja mapema. Wenyeji wanajua kwamba ni vijana wa jua kali wakichomelea malango, madirisha na vitanda vya chuma.

Watoto wanaotoka shule husimama pale na kutazama. Ni nani asiyependa kutazama fataki za bure?

Majuma machache yaliyopita, yapata saa nane za usiku, mama mmoja jirani yangu alinibishia mlango. Mwanawe, kijana wa miaka 21, alikuwa ameketi kitandani amefumba macho, machozi yakimtiririka.

"Mama, kuna mchanga machoni. Nitoeeni huu mchanga!" alikuwa akilia.

Tulimulika tochi, tukatazama. Mchanga haukuwako. Wakati huo huo binti mdogo wa nyumba hiyo, aliye gredi ya 3, naye akaanza kulalamika kwamba taa inamchoma.

Ilibainika kwamba siku hiyo mchana mama alikuwa amemletea kijana mashine mpya ya kuchomelea, aliyoinunua kwa pesa za chama. Kijana alikuwa amefanya kazi ya rodi miaka miwili kwa fundi mmoja, lakini mashine hii ilikuwa ya aina ile mpya yenye kazi tatu. Hakuwa na subira. Aliichomeka ukutani, akavaa miwani ya jua, akamwambia dadake amshikie kipande cha chuma. "Najaribu tu kidogo," alisema.

Kulipopambazuka tuliwapeleka hospitali. Kwa bahati njema wote wawili walipata nafuu baada ya siku mbili. Lakini si kila mmoja huwa na bahati hiyo, na ndiyo sababu leo nimeamua tuizungumzie mashine hii. Huenda nawe, mzazi, unaweka akiba ili umnunulie mwanao aliyemaliza chuo cha ufundi. Huenda nawe, mwanafunzi, ndiyo unayoiota.

MCHANGA USIOONEKANA

Kwanza tuelewe kilichompata kijana yule. Mwali wa kuchomelea hutoa mwanga mkali tunaouona, pamoja na miale tusiyoiona, ile inayoitwa urujuanimno. Miale hii ndiyo hiyo hiyo ya jua inayounguza ngozi, ila hapa iko karibu na ina nguvu nyingi. Huunguza ngozi nyembamba iliyo mbele ya mboni ya jicho.

Hila yake ni kwamba haiumi papo hapo. Mtu humaliza kazi, hula chakula cha jioni, hulala. Baada ya saa 6 hadi 12 ndipo huamka akihisi mchanga machoni. Kwa hivyo wengi hawaunganishi maumivu na kazi ya mchana, na kesho yake hurudia kosa.

Miwani ya jua haitoshi. Inapunguza mng'ao kiasi cha kumfanya mtu afumbue macho zaidi na kukodoa, na pembeni iko wazi. Kinachotakiwa ni kinyago kinachofunika uso mzima na shingo, chenye kioo cheusi kilichoandikwa namba. Kwa kazi nyingi za mtaani, namba 10 hadi 12 ndizo zinazofaa. Kadiri ampea zinavyozidi, ndivyo namba inavyopanda.

Siku hizi kuna vinyago vinavyojitia giza vyenyewe mwali unapowaka. Ni vizuri, lakini vina betri na betri huisha. Kabla ya kuanza kazi, kielekeze kinyago kwenye jua au uwashe kiberiti cha gesi mbele yake uone kama kioo kinabadilika. Kisipobadilika, usichomelee.

MASHINE MOJA, TABIA TATU

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Zamani fundi alikuwa na transfoma zito la kusukumwa na watu wawili, nalo lilijua kazi moja tu, ya rodi. Mashine za leo zinatumia inverta, ni nyepesi hata mtu mmoja hubeba, na sanduku moja hufanya kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni ya rodi, ambayo kila fundi wa jua kali anaijua. Ya pili ni ya waya, inayoitwa migi: waya mwembamba hutoka wenyewe kwenye bunduki ukibonyeza kifyatulio, huku gesi ikiukinga mwali na hewa. Ya tatu ni tigi: ncha ya tungsteni ndiyo inayowasha mwali bila yenyewe kuyeyuka, na fundi huongeza chuma kwa mkono wa pili. Hii ndiyo ya kazi safi, kama vile mabomba ya chuma kisichoshika kutu.

Mama akisikia hivyo hufurahi: kazi tatu kwa bei ya moja! Ni kweli. Lakini kila kazi ina tabia yake, na ajali nyingi hutokea fundi anapotoka kazi moja kwenda nyingine akiwa bado na mazoea ya ile ya kwanza.

Nitatoa mfano. Katika kazi ya waya, bunduki kwa kawaida haina umeme mpaka ubonyeze kifyatulio. Unaweza kuilaza mezani ukaenda kunywa maji. Katika kazi ya rodi mambo ni tofauti: kishikio cha rodi kina umeme tangu unapowasha mashine, kwa kawaida volti 60 hadi 80 hivi, hata kama huchomelei. Kijana aliyezoea bunduki atakilaza kishikio kwenye meza ya chuma, au atakibana kwapani huku akipangusa jasho.

Na jasho la Kisumu mnalijua! Ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi kuliko ngozi kavu. Volti zinazoonekana chache huweza kumuua mtu aliyelowa, hasa akiwa ameegemea chuma au amesimama pekupeku kwenye udongo wenye maji. Badilisha rodi ukiwa na glavu kavu, simama juu ya ubao mkavu au mpira, na ufungue kabisa bunduki ya waya uiondoe unapofanya kazi ya rodi.

UMEME WA UKUTANI

Kosa la pili la kijana wetu lilikuwa plagi. Soketi ya kawaida ya nyumbani ni ya ampea 13. Kwa volti 240, hizo ni wati 3,100 hivi. Mashine ikichomelea kwa ampea 160 huweza kuvuta zaidi ya ampea 20 kutoka ukutani. Plagi huanza kuwa moto, plastiki hulainika, kisha harufu. Katika nyumba za kupanga ambako waya zimepita darini, moto unaweza kuanzia mahali usipopaona.

Mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA akuwekee njia ya peke yake ya mashine: waya mnene, swichi yake ya kukata umeme iliyo karibu na mkono, na kinga inayokata umeme ukivuja. Usiweke mashine kwenye waya mrefu mwembamba wa kuongezea, na kamwe usiutumie ukiwa umeviringishwa, kwa maana joto haliwezi kutoka.

Kuna jambo jingine linalowachanganya mafundi wengi. Kile kibano kinachoshika chuma tunakiita "athi", lakini hicho sicho waya wa athi wa nyumba. Kibano hurudisha umeme wa kuchomelea kwenye mashine. Waya wa athi, ule wa kijani na manjano ulio kwenye plagi, hukulinda bodi ya mashine ikipata umeme. Ukiukata waya huo ukidhani kibano kinatosha, umejiondolea kinga. Nacho kibano kishike chuma kilichokwanguliwa kutu na rangi, karibu na mahali unapochomelea. Ukiwa unachomelea gari au pikipiki, tenganisha betri kwanza.

MPANGILIO KABLA YA MWALI

Hebu sasa tupange mashine hatua kwa hatua, kama mtu anavyopanga meko kabla ya kuwasha moto.

Kwanza, zima swichi ya ukutani. Nyaya hazibadilishwi mashine ikiwa imewashwa. Na usifungue sanduku lenyewe. Ndani kuna vifaa vinavyohifadhi umeme hata baada ya kuzimwa.

Pili, amua ni kazi gani kati ya zile tatu, kisha uangalie alama za chanya na hasi. Rodi za kawaida za 6013 hukubali upande wowote, lakini 7018 kwa kawaida hutaka kishikio kiwe kwenye chanya. Waya mtupu unaotumia gesi hutaka bunduki iwe chanya. Waya wenye dawa ndani, ule usiohitaji gesi, kwa kawaida hutaka bunduki iwe hasi. Kwa tigi, tochi huwa hasi na kibano chanya. Pakiti ya rodi au waya huwa na maagizo. Yasome kabla ya kuitupa.

Usidhani kwamba hili ni jambo la urembo tu. Ukikosea, mshono utaonekana umeshika kumbe umekaa juu juu kama matope ukutani. Lango hilo litafungwa katika nyumba ya mtu, na siku moja mtoto ataning'inia juu yake.

Tatu, gesi. Migi ya chuma cha kawaida hutumia kaboni dioksidi, au mchanganyiko wake na argoni. Tigi hutaka argoni tupu. Ukitia kaboni dioksidi kwenye tigi, ncha ya tungsteni itaharibika mara moja. Mtiririko wa lita 10 hadi 15 kwa dakika unatosha kwa migi ukiwa mahali pasipo na upepo. Paka maji ya sabuni kwenye viungo. Yakitoa mapovu, gesi inavuja.

Mtungi usimame wima, ufungwe kwa mnyororo ukutani au kwenye mkokoteni. Mtungi wa argoni uliojaa una shinikizo linaloweza kupita mara 150 ya hewa ya kawaida. Ukianguka na koki ikavunjika, utaruka kama roketi. Kwa hivyo ninapoona mtungi umelazwa mapajani mwa abiria wa boda boda, bila kifuniko, mwili hunisisimka. Ondoa kidhibiti cha gesi, funga kifuniko, uusafirishe kwa gari lililo wazi.

Nne, kipimo. Rodi ya milimita 2.5 kwa kawaida hutaka ampea 60 hadi 90, na ya milimita 3.2 hutaka 90 hadi 130. Jaribu kwenye kipande chakavu chenye unene ule ule wa chuma cha kazi. Kwa migi, sikiliza: mwali uliopangwa vizuri hulia mfululizo kama omena kwenye mafuta moto. Ukisikia milipuko milipuko, kasi ya waya na volti havijapatana. Na unapovuta waya mpya, usiutazame kwenye mdomo wa bunduki wala usiuzibe kwa kiganja. Unatoka ukiwa mkali kama sindano.

Tano, soma kibandiko cha mashine. Kikisema asilimia 40 kwa ampea 200, maana yake katika dakika 10 uchomelee dakika 4 na uiache ipoe dakika 6, feni ikiendelea kuzunguka. Mashine inayopumzishwa huishi, na fundi pia.

MAVAZI NA MOSHI

Kijana wetu alikuwa na fulana na patipati. Fundi anahitaji shati la pamba la mikono mirefu, aproni na glavu za ngozi, na viatu vinavyofunika mguu, suruali ikiwa juu ya viatu ili cheche zisiingie. Nguo za nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi. Mwali wa tigi hauna moshi mwingi, kwa hivyo watu huudharau, lakini huunguza mikono iliyo wazi na kuiacha nyekundu.

Kuhusu moshi, mnamo 2017 wataalamu wa IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Miale ya kuchomelea nayo iko katika kundi hilo hilo.

Hatari ya karibu zaidi ni mabati na mabomba yaliyopakwa zinki. Moshi wake mweupe huleta homa, baridi na maumivu ya mwili jioni ile ile, na mtu akaenda kumeza dawa za malaria bure. Kwangua zinki na rangi mahali utakapochomelea, ukae upande upepo unakotokea, na usiinamishe kichwa juu ya moshi. Usichomelee kwa gesi ndani ya tangi au chumba kilichofungwa. Argoni na kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, hujaa chini na kumnyima mtu pumzi bila harufu yoyote.

Wengi huamini kwamba maziwa huosha kifua baada ya kazi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hushuka tumboni, nao moshi umeingia mapafuni. Njia hizo mbili hazikutani.

Na pipa! Kila mara kuna mtu anayeleta pipa au tangi la mafuta litiwe kiraka. Pipa linaloonekana tupu ndilo hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli uliobaki ndani hulipuka kwa cheche moja. Likatae. Mteja akinuna, mwache anune.

JIRANI NAYE ANA MACHO

Ndugu msomaji, yule binti wa gredi ya 3 ndiye aliyenisukuma kuandika. Yeye hakuwa fundi, hakulipwa chochote, na hakuna aliyefikiria kumpa kinyago. Alishika chuma kwa sababu kakake alimwomba. Huko mitaani kuna watoto wengi kama yeye, pamoja na mama mwuza mboga aliyeketi kando ya karakana kutwa nzima.

Kinga yao si ghali. Mabati mawili matatu makuukuu, yaliyosimamishwa kama pazia na kupakwa rangi nyeusi isiyong'aa upande wa ndani, huzuia miale isitoke. Kabla ya kuwasha mwali, fundi aseme kwa sauti "Macho!" na angoje sekunde mbili. Anayesaidia kushika avae kinyago chake mwenyewe. Cheche nazo huruka hata mita 10, kwa hivyo ondoa makaratasi, magodoro na mitungi ya gesi ya kupikia. Weka ndoo ya mchanga karibu, na ukimaliza kazi usiondoke kabla ya kukaa nusu saa, au bora saa nzima, ukiangalia kama kuna kitu kinachofuka.

Na yule aliyekwisha kuumia? Akae gizani, aweke kitambaa safi chenye maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, asiyasugue. Asitiwe maziwa, maji ya viazi wala dawa ya macho ya mtu mwingine. Kuna matone yanayoua ganzi ambayo humpa mtu nafuu ya haraka, lakini akiyatumia kiholela nyumbani huzuia kidonda kupona. Apelekwe kituo cha afya. Sisi wa Migosi tuna Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapo karibu, ile ambayo wenyeji wangali wakiiita Russia. Cheche ikiingia jichoni, usingoje asubuhi.

CHETI NA SHERIA

Kwa wale wanafunzi wanaotaka kuifanya kazi hii iwe riziki, msikate tamaa kwa haya niliyoyasema. Kisumu ni mji wa chuma tangu kuzaliwa kwake. Meli ya William Mackinnon, iliyoteremshwa ziwani mwaka wa 1900, iliunganishwa papa hapa kwa ribiti. Miaka zaidi ya 100 baadaye, MV Uhuru II ilijengwa katika karakana ya meli ya Kisumu, nayo imeshikanishwa kwa kuchomelewa. Mkono unaochomelea lango leo unaweza kuchomelea meli kesho.

Lakini meli haimkubali mtu wa "najaribu tu kidogo". NITA ina kituo chake hapa Kisumu, na mitihani yake ya ufundi huanzia gredi ya 3 hadi gredi ya 1. Hata aliyejifunzia kazi chini ya mwembe anaweza kuifanya. Nao waajiri wakumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inawataka wawape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Kijana wa kibarua naye ni mfanyakazi.

Nilipopita kwa jirani yangu Jumamosi iliyopita, nilikuta mabati matatu meusi yamesimamishwa mbele ya kibanda. Nyuma yake nikasikia sauti ya kijana ikisema, "Macho!" Dadake alikuwa barazani akifanya hesabu zake, amegeuka upande wa pili. Mamake alinisimulia kwamba kinyago cha pili kimechelewesha karo kwa wiki moja.

Nikamwambia, "Mama, karo utalipa. Macho hayauzwi Kibuye."

Hadi Jumapili ijayo, kaeni salama.